Makro moja, matoleo kumi: historia ya lahajedwali katika ofisi zetu za Mombasa

Kuna swali ambalo nimeulizwa kwa namna nyingi tangu nianze kazi hii: "Fundi, makro hii ya kazini inafanya kazi vizuri, nikiipeleka kompyuta ya nyumbani inakataa. Kwa nini?" Jibu fupi ni kwamba matoleo ya programu hayalingani. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka 40, na leo nataka kulitoa hilo refu, kwa sababu aliyeijua historia hiyo huandika makro tofauti na asiyeijua.

Kwa wageni wa mambo haya: lahajedwali ni ile karatasi ya kompyuta yenye mistari na safu, kama Excel au Calc. Makro ni maagizo uliyoyaandika ili programu ifanye kazi fulani yenyewe, kwa mfano kujumlisha mishahara, kuchapa bili au kupanga orodha ya wateja. Msimbo ni yale maandishi ya maagizo. Hayo matatu yanatosha kuanzia.

Mimi naandika programu hapa Nyali, ng'ambo ya daraja. Wateja wangu ni hoteli za ufukweni, mawakala wa forodha, wenye maduka ya jumla wa Kongowea na shule kadhaa. Wachache sana kati yao wana programu kubwa za hesabu. Wengi wana faili moja la lahajedwali, lililoandikwa na mtu ambaye keshaondoka, na faili hilo ndilo linaloamua kibarua wa jikoni atapokea shilingi ngapi Ijumaa. Kwa hiyo tunapozungumza matoleo ya makro, tunazungumza pia mifuko ya watu.

Nitatoa mfano wa karibu. Daraja la kwanza la Nyali lilikuwa la kuelea juu ya maji, na lilifunguliwa mwaka 1931. Hili la zege tunalopita sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Gari lililovuka lile la zamani lilivuka na jipya bila kubadilishwa magurudumu. Watengenezaji wa lahajedwali nao wamekuwa wakituahidi hivyo kila wanapotoa toleo jipya. Mara nyingi wametimiza. Historia yenyewe iko katika zile mara ambazo hawakutimiza.

ZAMA ZA LOTUS: MAKRO NI VIDOLE VYAKO

Lahajedwali ya kwanza iliyopata umaarufu kwenye kompyuta ndogo ni VisiCalc ya mwaka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Mwaka 1983 ikaja Lotus 1-2-3, na hiyo ndiyo iliyoingia maofisini kwa wingi. Waliosoma kompyuta mapema miaka ya 90 katika vyuo vyetu wanazikumbuka zile "pakeji": DOS, WordPerfect, Lotus na dBase.

Makro ya Lotus ilikuwa kitu rahisi ajabu: orodha ya vitufe ambavyo ungebonyeza wewe mwenyewe. Tazama hii:

    /RFC2~

Alama ya mkwaju inafungua menyu. R inachagua eneo la seli, F inachagua muundo, C inachagua muundo wa fedha, 2 ni idadi ya desimali, na lile wimbi la mwisho ni kitufe cha Enter. Unaiandika ndani ya seli ya kawaida, unaipa jina kama \A, kisha unabonyeza Alt na A. Basi! Programu inajibonyeza yenyewe.

Sasa fikiria. Kama makro ni vitufe, basi menyu yenyewe ndiyo lugha ya programu. Siku mtengenezaji atakapoamua kwamba herufi F ifungue kitu kingine, makro zote duniani zitaanza kubonyeza pasipo. Ndiyo maana Lotus walizihifadhi herufi zile kwa miaka mingi, hata pale ambapo menyu ingependeza zaidi ikipangwa upya.

Jambo hili lilifika mahakamani. Kampuni ya Borland ilikuwa na lahajedwali yake, Quattro Pro. Ilitaka mtu aliyekuwa na makro za Lotus aweze kuhamia kwao na makro zake, kwa hiyo ikaufuata mpangilio wa menyu ya Lotus. Lotus ikashtaki mwaka 1990. Mahakama ya wilaya iliipa Lotus ushindi, lakini mwaka 1995 mahakama ya rufaa kule Marekani ikapindua, ikasema mpangilio wa amri za menyu ni njia ya kuendeshea programu na hauwezi kuwa mali ya hakimiliki. Mwaka 1996 majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika 4 kwa 4, na hukumu ya rufaa ikabaki.

Katika hukumu ile ya rufaa, mmoja wa majaji aliangalia upande wa mtumiaji: mtu aliyejifunza amri na akajiandikia makro zake ameshatia jasho lake humo, na si haki jasho hilo limfunge kwa muuzaji mmoja milele. Nalipenda wazo hilo. Wengine hudhani kuhamisha makro ni shida ndogo ya mafundi, kumbe watu walibishania haki hiyo mpaka mahakama ya juu kabisa.

Jambo moja zaidi la Lotus bado tunaishi nalo. Lotus ilihesabu mwaka 1900 kama mwaka mrefu wenye Februari 29, jambo ambalo si kweli. Excel ilipokuja ililichukua kosa hilo kwa makusudi, ili mafaili ya Lotus yakifunguliwa tarehe zake zisiteleze. Hata leo Excel ukiiandikia 60 na kuiomba tarehe, itakupa Februari 29 ya mwaka 1900, siku ambayo haikuwepo. Excel ya Macintosh yenyewe ilianza kuhesabu kutoka mwaka 1904, na tofauti baina ya hesabu hizo mbili ni siku 1,462. Anayenakili tarehe kutoka faili la mfumo mmoja kwenda la mfumo mwingine bila kuangalia, tarehe zake huruka miaka minne na siku moja, na makro haisemi kitu.

EXCEL YABADILI LUGHA

Excel ilitoka mwaka 1985 kwa Macintosh na mwaka 1987 kwa Windows. Makro zake za mwanzo, zinazoitwa XLM au makro za Excel 4, ziliandikwa kwenye karatasi maalumu, seli baada ya seli. Mwaka 1993 Excel 5 ikaleta VBA, lugha kamili ya programu yenye masharti, mizunguko na kazi ndogondogo. Makro za zamani hazikufutwa, zikaachwa ziendelee kando ya VBA.

Kuna kisa hapa ambacho sisi Waswahili tunafaa kukijua. Katika Excel 5 Microsoft waliitafsiri VBA yenyewe. Mjerumani aliweza kuandika msimbo kwa Kijerumani na Mfaransa kwa Kifaransa. Wazo zuri likisikika kwa mbali! Lakini matatizo ya kupeleka makro kutoka nchi moja hadi nyingine yaliongezeka, na kuanzia Excel 97 VBA ikarudi kuwa ya Kiingereza peke yake.

Sasa linganisha na yaliyotokea kwetu. Desemba 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, pamoja na lahajedwali yake. Microsoft nao walitangaza mwaka huohuo kwamba wangeleta Kiswahili katika Windows na Office. Hizi zilikuwa tafsiri za uso wa programu: menyu, vitufe na ujumbe. Lugha ya makro ilibaki ileile. Nionavyo mimi, mpaka huo uliwekwa mahali sahihi. Tafsiri kile anachokiona karani, uiache lugha ya makro kama ilivyo, ili makro iliyoandikwa Tanga isomeke Nyali na Bujumbura. Majina ya vigezo vyako na maelezo ya ndani yaandike kwa Kiswahili bila wasiwasi, kwa kuwa hayavunji kitu.

ENZI YA MATOLEO MANNE

Kati ya mwaka 1997 na 2003 tulipata Excel 97, 2000, 2002 iliyojulikana kama XP, na 2003. Faili lilikuwa la aina moja, lenye kiambishi .xls, mistari 65,536 na safu 256. Kwa macho zilifanana. Mombasa zilikuwepo zote kwa pamoja, kwa sababu kompyuta nyingi zilikuja za mtumba na kila moja ilikuja na lake. Ofisi moja ya watu watano ingeweza kuwa na matoleo matatu.

Hapo ndipo tofauti za ndani zilipoanza kuuma. Mifano mitatu:

Kwanza, msamiati. Kazi kama Split, Join na Replace ziliingia na VBA 6 katika Office 2000. Ukiziandika, Excel 97 haizijui kabisa. Makro inasimama na kulalamika.

Pili, maktaba. Tuseme makro yako inatuma barua kwa Outlook, na umeiunganisha na maktaba ya Outlook ya 2003. Ukiifungua kwenye matoleo mapya zaidi, muunganisho unajipandisha wenyewe. Ukiirudisha kwenye 2000, maktaba haipatikani. Ajabu ni kwamba makro inaweza kulalamikia neno jingine kabisa, kama Left au Format, ambalo halina kosa lolote. Mtu anatafuta mchana kutwa mahali ambapo hakuna kitu. Dawa yake ni kuita programu wakati wa kazi kwa CreateObject, bila kuchagua toleo mapema.

Tatu, tarehe. Sisi tunaandika siku kwanza, kisha mwezi. VBA ikifungua faili la CSV hulisoma kwa desturi ya Kimarekani, mwezi kwanza. Ukilifungua faili hilo kwa mkono liko sawa. Makro ikilifungua, 03/04 inakuwa Machi 4, na 25/04 inabaki maandishi tu maana hakuna mwezi wa 25. Excel 2002 iliongezewa kigezo cha Local cha kurekebisha hilo, lakini ukikitumia, Excel 2000 inakikataa. Chukua orodha ya vibarua wanaolipwa kwa siku: siku ya Aprili imeingia Machi, na Machi imeshalipwa. Mtu amefanya kazi, pesa yake imepotea katikati ya matoleo mawili.

Kulikuwa pia na mtego katika swali lenyewe la toleo. Wengi waliandika hivi:

    If Application.Version > "9.0" Then

Kumbe jibu la Application.Version ni maandishi, na katika maandishi "11.0" ni ndogo kuliko "9.0", kwa sababu 1 hutangulia 9. Excel 2003 ikahesabiwa kuwa ya zamani kuliko 2000! Njia salama ni kuligeuza kuwa namba kwanza kwa Val:

    toleo = Val(Application.Version)

2007: KODI ILIYOSAMEHEWA

Mabadiliko makubwa kuliko yote yalikuja na Excel 2007. Menyu za zamani ziliondoka, ukaja utepe wa vitufe. Mistari ikapanda kutoka 65,536 hadi 1,048,576, na safu kutoka 256 hadi 16,384. Mafaili yakagawanyika: .xlsx isiyobeba makro, na .xlsm inayobeba. Kitu kinachoitwa FileSearch, ambacho wengi walikitumia kutafuta mafaili, kiliondolewa kabisa. Waliokuwa wametumia Dir, amri kongwe na ya kawaida, hawakusumbuka. Liwekeni akilini hilo.

Mistari ilipoongezeka, msimbo huu uliokuwa kila mahali ukageuka hatari:

    mwisho = Range("A65536").End(xlUp).Row

Maana yake ni: nenda mstari wa mwisho, kisha panda mpaka ukute data. Data ikivuka mstari wa 65,536, makro inaanzia katikati ya data, inapanda mpaka juu kabisa, na kukuambia mstari wa mwisho ni wa 1. Inayofuata inaandika juu ya kumbukumbu zako za zamani. Iandike hivi, na itafaa toleo lolote:

    mwisho = Cells(Rows.Count, 1).End(xlUp).Row

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha jina VAT16. Kodi ya VAT hapa Kenya ilishushwa kutoka asilimia 18 hadi 16 mwaka 2003. Watu wengi wakatengeneza seli yenye 16% na kuipa jina VAT16. Katika matoleo ya zamani jina hilo halikuwa na shida, kwa sababu safu ya mwisho ilikuwa IV. Katika 2007 safu ya mwisho ni XFD. Hesabu herufi utaona: VAT sasa ni safu halali, na VAT16 ni anwani ya seli, safu ya VAT, mstari wa 16!

Excel 2007 ilijua tatizo hilo. Ulipoligeuza faili la zamani kuwa jipya, ilibadilisha jina likawa _VAT16 na kurekebisha fomula zote za kwenye karatasi. Ila haikugusa msimbo wa makro. Makro iliendelea kusema:

    kodi = jumla * Range("VAT16").Value

Na Range("VAT16") sasa ni seli tupu huko mbali kulia, ambako hakuna mtu amewahi kufika. Seli tupu ni sifuri. Kodi ikawa sifuri. Hakuna ujumbe, hakuna onyo.

Niliitwa kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini kwa jambo hilihili. Faili liliandikwa na fundi aliyekuwa ameshahamia Nairobi. Bili zilichapwa na makro, na muhtasari wa mwezi ulifanywa na fomula za kwenye karatasi, kwa hiyo muhtasari ulionyesha kodi na bili hazikuionyesha. Mama wa hesabu ndiye aliyegundua, maana alikuwa na tabia ya kujumlisha bili kwa mkono kila Jumamosi. Alinionyesha karatasi mbili zisizolingana akaniambia, "Mwanangu, kompyuta yako imewasamehe watu kodi. Serikali nayo itatusamehe?"

Nikamwambia, "Hapana mama, hiyo haitasamehe."

"Basi tafuta kabla ya tarehe 20."

Tulipata. Ilikuwa kazi ya dakika mbili kurekebisha, baada ya siku nzima ya kutafuta. Tangu hapo nagawa makosa ya matoleo mafungu mawili: yanayopiga kelele na yanayonyamaza. Excel 97 ikikataa neno Split inapiga kelele, na unaita fundi. VAT16 ilinyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na kwenye mahesabu ni kweli tupu.

Namna ya kuligeuza kosa la kimya liwe la kelele ni kulitaja jina kama jina:

    kiwango = ThisWorkbook.Names("VAT").RefersToRange.Value

Jina likikosekana, makro inasimama. Haiendi kuokota seli tupu. Na angalieni, nimeandika VAT bila namba. Mwaka 2020 wakati wa korona, kuanzia Aprili, kodi hiyo ilishushwa hadi asilimia 14, kisha ikarudi 16 Januari 2021. Nimeona faili lenye seli inayoitwa VAT16 na ndani yake 14%. Lilihesabu sawasawa, lakini mhasibu mgeni akilisoma lazima akune kichwa. Usitie thamani ndani ya jina!

BITI 64, MAC NA WENGINE

Excel 2010 ilileta aina ya biti 64, na makro zilizoita kazi za ndani za Windows zikakatika. Ilibidi kuongeza neno PtrSafe, ambalo matoleo ya zamani hayalijui. Hapa VBA ina njia nzuri ya kuandika pande zote mbili, na kila toleo likasoma upande wake tu:

    #If VBA7 Then
      Private Declare PtrSafe Sub Sleep Lib "kernel32" (ByVal ms As Long)
    #Else
      Private Declare Sub Sleep Lib "kernel32" (ByVal ms As Long)
    #End If

Watumiaji wa Mac walipata pigo jingine: Office 2008 ya Mac ilitoka bila VBA kabisa, ikarudishwa katika toleo la 2011. Karibu miaka mitatu makro za VBA zikawa kimya humo.

Upande wa programu huria, OpenOffice na baadaye LibreOffice, iliyojitenga mwaka 2010, zina Basic yao wenyewe. Zinajaribu kuielewa VBA ukiweka Option VBASupport 1 juu ya msimbo. Hesabu na mizunguko mingi hupita. Fomu za kujaza na kuita programu nyingine za Microsoft mara nyingi hukwama.

ITAX: NCHI NZIMA YAAMBIWA IWASHE MAKRO

Kuanzia mwaka 2013 Mamlaka ya Ushuru wa Kenya, KRA, ilianza kuleta mfumo wa iTax, na mwaka 2015 kuwasilisha ritani kupitia mtandao kukawa lazima. Ritani nyingi zilikuwa mafaili ya lahajedwali yenye makro. Unapakua faili, unawasha makro, unajaza karatasi moja baada ya nyingine, unabonyeza kitufe cha kuhakiki, makro inakagua na kutengeneza faili la zip, nalo unalipandisha kwenye tovuti. Faili lilitolewa kwa Excel na pia kwa muundo wa ODS wa LibreOffice. Baadaye wenye mshahara peke yake wakapata pia fomu ya kujaza moja kwa moja kwenye tovuti.

Kwa mtu wa historia ya makro hili ni jambo kubwa. Kabla ya hapo makro ilikuwa siri ya mhasibu. Sasa mwalimu, nesi na mwenye duka wote walikutana na neno "makro" kila mwaka kabla ya Juni 30. Saiba za Kisauni na Likoni zilijaa watu wenye karatasi za P9 mkononi, na kijana wa saiba akawa ndiye mtaalamu wa kuwasha makro. Kwa mwandishi wa programu, ni mtihani mgumu kuliko wote: faili moja lifanye kazi kwenye kila toleo lililopo nchini, mikononi mwa mtu asiyejua ana toleo gani. Kutoa Excel na ODS pamoja ilikuwa njia ya kukiri kwamba serikali haiwezi kumlazimisha mwananchi anunue programu ya kampuni moja ili alipe kodi. Tumerudi palepale pa Lotus na Borland.

MLANGO UNAFUNGWA POLEPOLE

Makro zilibeba pia maradhi. Virusi vya Excel vilijulikana tangu Laroux ya mwaka 1996, na Melissa, iliyopitia Word mwaka 1999, ilisambaa duniani kwa siku chache. Kila toleo baada ya hapo likaongeza kizuizi. Mwaka 2022 Microsoft walizima makro za Excel 4 zisifanye kazi zenyewe, na mwaka huohuo wakaanza kuzuia makro za VBA katika mafaili yaliyotoka kwenye mtandao. Kile kitufe cha njano cha kuwasha hakionekani tena kwa mafaili hayo. Ukiwa na hakika faili ni salama, libofye kulia, fungua sifa zake, na uweke tiki kwenye Unblock. Ukiwa huna hakika, liache.

Kingine kilichobadilika: Excel 2016, 2019, 2021 na ile ya kulipia kila mwezi zote zinajibu "16.0" ukiziuliza toleo. Lakini kazi kama XLOOKUP ipo katika 2021 na haipo katika 2016. Kwa hiyo ule ujanja wetu wa zamani wa kuuliza "wewe ni toleo gani?" hautoshi tena. Siku hizi unauliza "unaweza kufanya hili?", unajaribu, na ikishindikana unatumia njia ya zamani.

TUNAJIFUNZA NINI

Nikikusanya miaka yote hii, napata kanuni sita ninazozifuata:

1. Andika makro kwenye toleo la zamani zaidi ambalo mteja analo. Kupanda ni rahisi kuliko kushuka.
2. Kati ya amri kongwe na mpya zinazofanya kazi ileile, chagua kongwe. Dir ilimzika FileSearch.
3. Usiandike ukubwa wa karatasi kwa namba. Uiulize programu yenyewe.
4. Tarehe isome kama siku, mwezi na mwaka mbalimbali, kisha uziunganishe kwa DateSerial. Usiiachie kompyuta ikisie.
5. Makro iwe na mahali inapolinganisha majibu kwa njia mbili, na isimame yasipolingana. Yule mama wa Jumamosi alikuwa anafanya hivyo kwa kalamu.
6. Tenga karatasi moja ndani ya faili, uandike kwa Kiswahili rahisi: nani aliandika, lini, ilijaribiwa kwenye matoleo gani, na nini kibadilishwe kodi ikibadilika.

Hiyo ya sita ndiyo inayopuuzwa zaidi, na ndiyo ningechagua kama ningeruhusiwa moja tu. Programu za Lotus zilikwisha, IBM iliyoinunua kampuni hiyo ikasitisha huduma ya 1-2-3 mwaka 2014. VBA nayo itafika siku yake. Vijana wengi ninaokutana nao sasa wanaandika kwa Google Sheets na lugha yake ya Apps Script, na huko hakuna toleo la kuchagua, maana toleo hubadilika usiku mmelala. Msimbo utaandikwa upya mara nyingi. Kitakachomsaidia atakayeuandika upya ni kujua hesabu ilikusudiwa iweje: kwamba siku ya sikukuu ililipwa mara mbili, kwamba nauli ya usiku iliongezwa baada ya saa nne, kwamba asilimia ile ilikuwa kodi na si faida.

Kwa hiyo wiki hii, kabla hujaandika makro nyingine, fungua lile faili la mishahara unalolitegemea, ongeza karatasi, na uandike hayo. Nusu saa inatosha.